Wafupi wa Kwao, Warefu wa Kwetu

Mwalimu alipofika mara ya kwanza kwenye chumba cha ushonaji alikuwa na suruali mbili mkononi, mpya, zote zimemzidi miguu kwa kiganja kizima. Akaomba zipunguzwe. Wiki iliyofuata akaleta nyingine. Halafu akaleta za mjomba wake. Suruali za ukoo mzima zilipokwisha akageukia mapazia, na fundi akayapunguza hayo nayo bila kuuliza neno, mpaka siku alipoletewa pazia ambalo alishalipunguza kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwalimu," akamwambia, pini zikiwa mdomoni, "hili nikilikata tena litakuwa leso."

"Basi lifanye leso," akajibu yule bwana huku masikio yamemwiva. "Nitakaa nalo mfukoni."

Mapenzi yakaanzia hapo. Fundi mwenyewe nyumbani na mtaani walimwita Twiga, jina alilobandikwa shuleni kwa ajili ya shingo yake na miguu yake, naye alishalizoea kiasi kwamba ukimwita la cheti hageuki. Mwalimu alifundisha takwimu chuoni. Alikuwa mpole, nadhifu, mcheshi akishakuzoea, na kichwa chake kilimfika Twiga begani. Begani hasa, si chini ya bega. Twiga alikuwa tayari kugombana na mtu kwa ajili ya sentimita hizo.

Walipendana mwaka mzima bila kelele. Kelele zilikuja walipokubaliana kwamba Jumapili Mwalimu aje na watu wake kujitambulisha. Siku moja kabla ya hapo Twiga alimwita kwenye chumba chake cha kazi, akamtolea boksi la viatu. Vilikuwa viatu vizuri, vyeusi, vya ngozi, vyenye soli nene kama tofali.

Mwalimu aliviangalia kwa muda. Akakigeuza kimoja, akakirudisha.

"Ni vya nini hivi?"

"Vya kesho tu. Unajua shangazi yangu alivyo."

"Twiga, unanitaka mimi, au unamtaka mtu mwingine aliye juu yangu kidogo?"

Angejibu papo hapo mambo yangekwisha. Lakini alisita, akatafuta maneno mazuri, na mpenzi aliyeumia hasubiri maneno mazuri. Mwalimu aliurudisha ule mfuniko wa boksi taratibu kama anayefunika chungu cha mtu mwingine, akaaga kwa adabu zake zote, akaondoka. Twiga alibaki ameketi mbele ya cherehani, mguu kwenye pedali, bila kushona kitu.

Jumapili asubuhi hakuwa na hakika kama mtu atakuja. Alipiga deki sebule mara mbili. Alibadilisha gauni, akalirudia lile la kwanza. Mama yake alimwona akifuta kioo cha dirisha kilichokuwa safi, akamnyang'anya kitambaa.

"Mwanangu, anayekuja ni mchumba, si bwana afya."

Walikuja. Walikuwa watano: Mwalimu, mama yake aliyekuwa muuguzi, mjomba wake, kaka yake na dada yake. Mwalimu alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi likanyooka, na miguuni makubazi bapa kabisa, ya kutembelea uani. Alimsalimia Twiga kwa kichwa. Hakutabasamu.

Sebuleni upande wa baba na upande wa mama walishajipanga, na katikati yao, kwenye kiti chenye mikono, alikaa Shangazi.

Shangazi huyu alikuwa dada mkubwa wa Baba. Alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu, mwanamke wa miraba minne na urefu wa mlango, na katika nyumba ile hakuna aliyeoa wala kuolewa pasipo yeye kuitikia kwa kichwa. Baba mwenyewe, na mvi zake, alikuwa hajawahi kumpinga tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni.

"Shikamoo, shangazi," Mwalimu akasema.

"Marahaba. Simama nikuone."

"Nimesimama, shangazi."

Mtu mmoja upande wa Mama alipaliwa na chai. Mama wa Mwalimu alishusha kikombe chake kwenye kisahani bila kutoa mlio, na wanaowajua wauguzi wanaelewa hiyo ni dalili mbaya.

"Kwanza sijawa shangazi yako," Shangazi akasema. "Pili, mimi sina ubaya na mtu. Umekuja kwa heshima, umekuja na wazee, nimekuona. Lakini kila ukoo una asili yake. Sisi ni warefu. Ninyi ni wafupi. Tukichanganya, watoto watakuwa wa kuwekewa kigoda wafikie swichi ya taa. Huyu msichana tutamwozesha, ila kwa mtu anayelingana naye."

"Maneno hayo hayo uliyasema siku yangu, wifi," Mama akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini sebule nzima ilisikia. Baba akaanza kuangalia dari.

"Na si nilisema kweli?" Shangazi akamgeukia. "Watu wa kwenu nao si—"

"Nimezaa, nimelea, nimezeeka humu ndani, na bado kila sherehe naambiwa kwetu ni vibeti. Nimechoka, wifi. Leo nimechoka."

Hapo ndipo Mwalimu alipoinua kidole, kama mwanafunzi.

"Samahani wazee wangu. Hili mnalobishania linapimika."

Twiga alifumba macho. Aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya Mwalimu anapoonjeshwa hesabu. Mbele ya hesabu angeweza kusahau kwamba amekuja kuposa.

"Linapimikaje?" Shangazi akauliza kwa dharau.

"Tunapima upande wa baba, upande wa mama na upande wetu. Watu watano kila upande, wanaume watatu na wanawake wawili, isije ikawa tunalinganisha suruali na magauni. Bila viatu."

"Pimeni! Mnipimie hata leo hii! Mkiona kweli sisi ni wengine na ninyi ni wengine, mtanywa chai yenu na kwenda zenu kwa amani."

"Nimekubali," Mwalimu akasema.

Twiga alimkazia macho. Umekubali? Bila kuniuliza? Lakini Mwalimu hakumtazama. Na Twiga, aliyejua ni nani aliyekosa jana, hakuwa na pa kuanzia kulalamika. Akaenda kuleta utepe wa kupimia na chaki ya kukatia nguo.

"Ukuta nimeupaka rangi juzi," Baba akasema, na hakuna aliyemsikiliza.

Zikachorwa safu tatu ukutani. Shangazi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwasimamisha watu ukutani, akaichukua kazi mwenyewe. "Visigino nyuma! Kidevu mbele! Usipumue!" Mjomba wa Twiga upande wa Mama alijivuta shingo mpaka mishipa ikamtoka. Baba Mkubwa aliinua visigino, akapigwa kofi la goti. Zamu ya Shangazi mwenyewe ilipofika, Mwalimu akakohoa.

"Na kilemba, shangazi."

"Kilemba kimefanya nini?"

"Kina urefu wake."

Akakivua kwa hasira, na sebule ikagundua kwamba sehemu kubwa ya urefu wa Shangazi ilikuwa kitambaa.

Upande wa Mwalimu wakamaliza watano wao. Upande wa Mama wakamaliza. Upande wa Baba zikaonekana alama nne: Baba, Baba Mkubwa, Shangazi na dada yao mkunga.

"Bado mwanamume mmoja," Mwalimu akasema.

"Mweke huyu," Shangazi akajibu upesi, akimvuta mkono kijana wa nyumba ya pili aliyekuwa amekuja kuazima ngazi. "Huyu ni kama wetu. Amekulia hapa."

"Yuko wapi Baba Mdogo?" Twiga akauliza.

Baba akarudi kwenye dari yake.

Baba Mdogo alikuwa jikoni akipuliza moto. Alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, na wageni wakija nyumbani alikuwa hakosi kutumwa mahali. Katika picha za ukoo hayumo hata moja, kwa sababu kila mara yeye ndiye aliyepewa kamera. Twiga alikuwa ameliona jambo hili tangu utotoni bila kuliuliza, na sasa, utepe ukiwa shingoni, aliona aibu kwa ukoo wote.

"Ana kazi," Shangazi akasema. "Wanne wanatosha."

"Hawatoshi," Mwalimu akasema kwa upole. "Ukichagua wa kupimwa ili upate jibu unalolitaka, hujapima, umepika."

Twiga hakungoja ruhusa. Alikwenda jikoni, akamshika Baba Mdogo mkono wenye majivu, akamleta mpaka ukutani. Baba Mdogo alivua kandambili, akasimama wima, kidevu mbele, akatazama mbele ya watu wote kama askari siku ya gwaride. Chaki ikapita. Alama yake ilikaa chini ya alama zote za safu ile, na chini ya alama ya Mwalimu pia.

"Huyu mbona mmemficha?" mama wa Mwalimu akauliza. "Mtu mzima mzuri hivi."

Baba Mdogo akacheka, akafuta macho, akasema ni moshi.

Sasa wote walikuwa wamesimama mbele ya ukuta. Mwalimu alinyoosha kidole.

"Shangazi, mahakamani mshtakiwa anaanza akiwa nani?"

"Hana hatia. Mpaka aliyemshtaki alete ushahidi."

"Na sisi tunaanza hivyo hivyo. Tunadhani koo zote tatu ni sawa, mpaka namba zilete ushahidi. Sasa angalieni. Humu ukutani kuna tofauti za aina mbili. Ya kwanza ni ya ndani. Safu yenu pekee, kutoka kwa Baba Mkubwa juu kule mpaka Baba Mdogo huku chini, ni tofauti ya watu wa tumbo moja. Ya pili ni ya baina ya koo." Akachora mstari wa wastani katikati ya kila safu. "Wastani wenu uko hapa, wa kina mama hapa, wetu hapa."

Ile mistari mitatu ilipishana kwa upana wa vidole.

"Wetu uko juu!" Shangazi akasema.

"Uko juu. Swali ni kama umezidi juu kuliko bahati ya kawaida inavyoweza kuuweka. Tunachukua mtawanyiko wa baina ya koo, tunaugawa kwa mtawanyiko wa ndani. Kama koo ni tofauti kweli, jibu linakuwa kubwa. Likikaribia moja, basi hizo tofauti za wastani ni mchezo wa nani kaja leo na nani kabaki jikoni."

"Si mngelinganisha sisi na ninyi tu?" Baba akauliza. Alishaanza kupendezwa na mambo haya, akasahau rangi yake. "Halafu sisi na kina mke wangu, halafu wao na ninyi?"

"Ingekuwa mara tatu, baba. Kila unapolinganisha unaipa bahati nafasi moja ya kukudanganya. Ukimshtaki mtu mmoja mara tatu, siku moja utampata na hatia hata kama hakuiba. Ndiyo maana tunawapima wote kwa mkupuo."

"Mimi sijaelewa," Mama akasema.

"Mama, ni kama sare za shule," Twiga akadakia. Hakupanga kusema, lakini aliliona jambo lenyewe kama anavyoona kitambaa mezani. "Naletewa madarasa matatu niyashonee. Kila darasa lina mlingoti wake na lina mfupi wake. Wastani wa madarasa ukipishana vidole viwili, na ndani ya darasa moja wakapishana mkono mzima, siwezi kukata kitambaa kwa jina la darasa. Itanibidi nimpime kila mtoto."

Mwalimu akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama sawasawa, na midomo yake ikasahau alichotaka kusema.

"Hivyo hivyo," akasema hatimaye. "Sijawahi kuieleza vizuri hivyo darasani."

"Endelea na hesabu," mjomba wake akamnong'oneza. "Utaoa baadaye."

Mwalimu akatoa simu, akabonyeza kwa muda. Wazee waliinama juu ya bega lake, jambo ambalo kwa bega lake lilikuwa rahisi.

"Moja na ushee," akatangaza. "Kwa koo tatu na watu kumi na watano, nisingeshtuka mpaka ifike karibu na nne. Hakuna ushahidi."

Upande wa Mama ukapiga vigelegele. Mama mwenyewe hakupiga. Alimtazama wifi yake, akasema, "Nimeachiwa huru," akaketi.

Kama Mwalimu angenyamaza hapo angeoa siku hiyo hiyo, watu walisema baadaye. Lakini aliinua tena kidole.

"Ila niseme ukweli wote. Hatujathibitisha kwamba koo ni sawa."

Twiga akamkanyaga mguu. Mwalimu hakuhisi.

"Tumeshindwa tu kuonyesha kwamba ni tofauti. Watu kumi na watano ni wachache. Tena ni ndugu, wanafanana, na hesabu hii inapenda watu wasiohusiana. Tungepima wengi zaidi, huenda shangazi angeonekana ana haki."

"Mwanangu," mama yake akasema kwa uchungu, "nani amekuuliza?"

Shangazi alikuwa amekunja mikono. "Kwa hiyo ni kama yule anayeachiwa kwa kukosa ushahidi."

"Ndiyo."

"Nimewafungulia lango wengi wa namna hiyo. Wengine walikuwa wezi kabisa."

"Inawezekana, shangazi."

"Na ulikuwa umeshashinda. Umesema ya nini?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

Shangazi alimzunguka mara moja, kama anayekagua kufuli. "Haya. Tuache koo. Wewe mwenyewe ni mfupi. Hilo nalo linataka hesabu?"

"Hapana," Mwalimu akasema. "Hilo halitaki." Na uso wake ukajifunga kama ulivyojifunga jana, mbele ya lile boksi.

Twiga hakutafuta maneno mazuri safari hii.

"Ndiyo, ni mfupi! Ni mfupi nikiwa naye sokoni, ni mfupi nikiwa naye kanisani, nimemwona mfupi mwaka mzima na bado moyo unanipiga akisukuma mlango na hayo mapazia yake. Jana nilimnunulia viatu vya kumwinua, Shangazi. Kwa kukuogopa wewe. Nikamuumiza. Nisamehe, Mwalimu. Siolewi na wastani wa ukoo wa mtu. Nakutaka wewe, hapo hapo ulipofikia."

Baba, kwa mshangao wa watu wote na wake mwenyewe, akasema, "Dada, mimi nimekubali."

"Nani kakuuliza?" Shangazi akasema, lakini bila nguvu. Alikivaa kilemba chake, akakifunga polepole. "Marehemu mume wangu alikuwa anainama kuingia mlango huu. Mrefu yule! Nilimchagua kwa macho, sikumpima kwa kitu kingine chochote. Na kila alipoinama kuingia, aliingia na uongo mpya." Akamtazama Mwalimu. "Huyu akiiba, atakuja mwenyewe kituoni kujishtaki, na atawasahihishia tarehe. Mpeni chai nyingine. Na mtu amletee Baba Mdogo kiti, akae na wageni."

Kiti kilipoletwa, mama wa Mwalimu alikisogeza karibu na chake.

Jioni wageni walipoondoka, Twiga aliwasindikiza. Wazee walitangulia kwa makusudi, wakizungumza kwa sauti kubwa kuhusu hali ya hewa. Langoni Mwalimu alisimama. Alikuwa na chaki begani, na Twiga akampangusa, mkono ukakaa pale muda mrefu kuliko chaki ilivyohitaji.

"Bado umekasirika?"

"Kidogo. Nilikuwa nimejiwekea hasira ya kutosha wiki nzima, sasa sijui niipeleke wapi." Akatabasamu, hatimaye, lile tabasamu lake linaloanzia sikio la kushoto. "Ulivyosema mle ndani mbele ya baba yako. Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Mwalimu akafungua mdomo. Twiga akamwona anavyohangaika, akaliona lile somo zima likimpanda kooni: kwamba hakuna mia kwa mia, kwamba hakika hata iwe kubwa namna gani huachiwa mlango mdogo wa kukosea. Kidole kilishaanza kuinuka.

Kisha akaufunga mdomo, akakishusha kidole, akaushika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili.

"Mia kwa mia," akasema.